Adabu Saba Zilizozaa Thelathini na Moja

Nakiri mapema, kabla sijapata nafasi ya kujisahaulisha: sikusoma kwa mwalimu kama wasomavyo watu. Nilisoma nyuma ya mlango. Kaka yangu akifundishwa ukumbini na baba, mimi nilikuwa ndani nashona kofia, na masikio yangu yako ukumbini. Yeye akikosea alipigwa. Mimi nikikosea hapakuwa na mtu wa kujua. Watu hudhani hiyo ni raha. Si raha. Mtu ambaye hakusahihishwa hujishuku maisha yake yote, na mpaka leo kila nikitamka neno mbele za watu, moyo huniuliza, "Una hakika?" Sentensi zangu za mwanzo hapo juu nimeziandika mara nne, na ya pili bado hainipendezi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa wakati Bibi, mwenye chuo cha watoto mtaani petu, alipopata habari kuwa binti yake wa Lamu amejifungua. Chuo chenyewe kilikuwa ukumbi wa nyumba yake, hatua chache kutoka Ndia Kuu ya Mombasa. Watoto walikuwa ishirini na mmoja, wasichana pamoja na wavulana wadogo ambao bado hawajaona haya kusomeshwa na mwanamke. Bibi alitaka kwenda kumlea mzazi hadi atoke arubaini, na hakuwa na wa kumwachia chuo. Siku moja alipita chini ya dirisha letu akanisikia nikimsahihisha kaka yangu kwa ukali. Akacheka peke yake njiani, kisha akapiga hodi.

"Nakuachia watoto," aliniambia, "sikuachii kuta. Kuta zajua kukaa zenyewe. Nikirudi nikawakuta wamenyooka, utabaki nami tusomeshe wawili. Nikiwakuta wameharibika, mwanangu, utarudi kwenye kofia zako, na tusilaumiane."

Siku hizo nilitaka kukaa kwenye mkeka wa mwalimu kuliko nilivyotaka kuolewa. Mama aliniomba nisilitamke hilo mbele ya wageni.

Sasa, Bibi alifundisha herufi kwa mdomo, lakini tabia alizifundisha kwa jicho. Mtoto akidanganya, Bibi humtazama tu, na mtoto husema kweli yake na ya ndugu zake. Mimi jicho hilo sina. Siku ya kwanza nilimkazia macho mvulana aliyemkata mwenzake maneno, akaniuliza kwa huruma, "Mwalimu Mdogo, jino lakuuma?" Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaamua kwamba mtu asiyekuwa na jicho atumie kalamu.

Nikaupaka ubao chokaa, nikachonga kalamu ya utete, nikaandika adabu saba. Ubao niliufuta mara tano kwa sababu mkia wa herufi moja ulikuwa umelala kuliko wenzake. Adabu zenyewe zilikuwa hizi: sema kweli, chunga amana, usile peke yako mbele ya mwenzio, usikate neno la mtu, ukimwona mkubwa ana mzigo, mpokee, usitoke mkekani bila ruhusa, na ile niliyoipenda kuliko zote, usimpite mkubwa bila kumwamkia, wala usimwache kabla hajamaliza kukujibu.

Watoto walizihifadhi kwa siku mbili. Nililia kidogo uani kwa furaha, nikajifuta, nikarudi na uso wa mwalimu.

Siku ya tano jua lilifika kizingitini na mkekani wako watoto wanne tu. Wengine waliingia baadaye kwa makundi, wamechoka, wamejaa heshima. Mbele yao alikuwa binti wa fundi seremala, msichana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye tabia ya kujibu swali lile lile aliloulizwa, jambo ambalo kwa mtoto linatisha.

"Mbona jua limefika hapa?" niliuliza, nikionyesha kizingiti.

"Tulikuwa na adabu, Mwalimu."

"Adabu gani ya asubuhi nzima?"

"Ya kuamkia. Barazani leo wako wazee kumi na wanne. Jana walikuwa tisa. Na yule mwenye kikohozi, akishauliza habari za baba hukohoa kwanza ndipo afike kwa mama. Twamngoja."

"Na mimi nina nyanya wawili," akadakia mvulana nyuma yake, "aliuliza wote wawili."

"Si aliuliza na punda wenu?" akasema mwingine.

"Punda yuwaumwa! Ni lazima aulizwe."

Ningefanya nini? Sheria ni yangu. Niliwapa pole kwa kazi nzuri.

Siku mbili baadaye sita kati yao hawakuja kabisa hadi adhuhuri. Walimwamkia mzee mmoja mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyekuwa amepanda kigari cha reli, vile vigari vidogo vya kiti na mwavuli vinavyosukumwa na watu wawili. Mzee alikuwa mtu wa adabu kama wao, akaanza kujibu: hamjambo, baba zenu hawajambo, chuo hakijambo. Wasukumaji hawakuwa na habari ya adabu ya saba. Kigari kikaenda, mzee akiwa bado anajibu, na watoto, wasiweze kumwacha kabla hajamaliza, wakaenda nacho mbio. Yeye, kwa kuona watoto wamfuata wamemkodolea macho, alidhani wamengoja kuulizwa zaidi, akaendelea kuuliza. Walifika karibu na Kilindini. Mmoja alirudi na kiatu kimoja.

Tena akaja muuza kahawa. Nilimsikiliza nikiwa nyuma ya mlango, yeye yuko dakani, pale pa kungojea wageni.

"Hodi! Bibi yuwapi?"

"Yuko Lamu."

"Basi mwambie aliyeko, watoto wenu wameninyang'anya dele langu la kahawa."

"Wameiba?"

"Laiti wangeiba! Mwizi hukimbia, nami ningepiga kelele nikasaidiwa. Hawa wamenipokea mzigo! Wanne, na dele la moto, kila mmoja kashika tambara upande wake. Nawaambia, mimi nauza, wanangu, siendi safari. Wao wasema, 'La, ami, usijisumbue.' Nawaambia niachieni! 'La, ami, ni wajibu wetu.' Wamelifikisha forodhani. Wateja wangu wako huku!"

"Na kahawa?"

"Wamewapa watu wa forodhani. Ati wasile peke yao."

Nilimwomba radhi kupitia tundu la mlango. Akasema hakuna neno, lakini kuanzia kesho atapita njia ya nyuma, na akiulizwa hatasema kwa nini, maana mtu mzima hawezi kusema anakimbia heshima.

Mwenye akili timamu angeufuta ubao hapo. Mimi niliona kosa si kuwa na adabu, bali adabu zilikuwa hazijakamilika. Palipokuwa na mwanya nikaziba. Mzee akiwa juu ya kigari, mwamkie mara moja usimfuate. Mzigo wa biashara si mzigo. Mzee aliyesinzia barazani asiamshwe ili aamkiwe, kwa kuwa tayari walikuwa wamemwamsha mmoja mara tatu katika asubuhi moja, kila kundi likipita. Adabu saba zikawa kumi na mbili, kumi na mbili zikawa ishirini, na kufikia siku ya ishirini na nane zilikuwa thelathini na moja, zimejaa mbao tatu, mikia yote imelala sawasawa.

Watoto nao waligeuka makadhi. "Mwalimu, ubao wasema tusimwamshe mzee aliyesinzia. Je, akisinzia katikati ya kunijibu?" Swali hilo lilinikosesha chakula cha jioni. Mwingine alimshitaki mwenziwe kwa kupiga chafya wakati mtu asema, kwamba amekata neno. Nami nilihukumu! Nilikaa pale nikapima chafya. Na nikiri jambo baya zaidi: nilifurahi. Ukumbi ulikuwa kimya, migongo imenyooka, hakuna anayenyanyuka, na nilijiona nafaa. Sikujiuliza kama wamekuwa wema au wamekuwa wameganda tu.

Siku ya ishirini na tisa ilinyesha mvua ya kwanza ya masika, ghafla, kama mtu aliyemwaga pipa. Mbao zangu zilikuwa uani zinakauka. Thelathini na moja! Niliruka. Nikiwa mlangoni nikasema, "Asitoke mtu mkekani," nikaenda kuziokoa.

Niliporudi, mbao kifuani kama watoto pacha watatu, nilichoona kwanza ni miguu. Miguu miwili haikuwa mkekani. Ilikuwa mbele kabisa, mahali pa Bibi, ambapo mtoto hakanyagi. Juu ya miguu hiyo alikuwa binti wa seremala, amenipa mgongo, mikono juu, kashika sinia ya shaba kama achezaye ngoma.

"Wewe!" nilisema. "Huna haya? Wenzio ishirini wamekaa, wewe nani?" Nikaweka mbao chini, kwa uangalifu, nakumbuka nilikuwa na nafasi ya uangalifu, kisha nikamvuta sikio.

Hakulia. Hata hakugeuka. "Nirudi mkekani, Mwalimu?"

"Sasa hivi!"

"Basi shika sinia wewe."

Akanipa. Maji yaliyokuwa ndani yakanimwagikia kifuani, baridi, na tone jingine likalia kwenye shaba: tang. Nikatazama juu. Dari ilikuwa yavuja. Nikatazama chini. Mbele ya tumbo langu, juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja kishikacho kitabu, ulikuwa msahafu wa Bibi, wazi, ulioandikwa kwa mkono wa marehemu baba yake. Ukurasa mmoja ulikuwa na matone saba. Msichana hakuwa na udhu, hakuugusa. Alichukua sinia iliyokuwa ukutani akaiinua kati ya kitabu na mvua, na kichwa chake mwenyewe kikiwa kimelowa.

Nikaita, "Nyote mliona?"

"Tuliona," wakajibu kwa pamoja, kwa utaratibu mzuri sana.

"Kwa nini hamkuniita?"

Mvulana mmoja akainua kidole. "Ubao wa tatu, Mwalimu. Tusipaaze sauti mwalimu akiwa hayupo."

Nikamgeukia msichana, ambaye alikuwa ameshakaa mahali pake akikamua ushungi wake. "Na wewe mbona ulitoka?"

"Nilifikiri."

"Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ukirudi utanipiga. Tena nikafikiri, sikio langu laweza kungoja, msahafu hauwezi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno moja. Nalijua neno lenyewe, lina herufi chache, na sikuhitaji kuliandika mara tano. Badala yake nilisema, "Haya, tuendelee tulipoachia."

Siku kumi na moja nilikaa na jambo hilo. Nilijiambia kuwa mwalimu akimtaka radhi mtoto atadharauliwa. Nilijiambia ningesema kesho, kwa maneno mazuri zaidi. Nilijaribu kuandika adabu ya thelathini na mbili, ya kueleza ni lini mtu aweza kutoka mkekani bila ruhusa, nikaandika mistari tisa nikafuta yote, kwa kuwa kila nilipomaliza niliona mvua nyingine ambayo haimo. Mwishowe nikawauliza wenyewe. Mtoto wa jirani akianguka kisimani na wewe umeambiwa ukae, wafanyaje? Walibishana mpaka wakapandiana sauti, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu nani amemkata nani neno. Lakini kwa yule msichana sikusema kitu. Ukurasa niliukausha kwa kuupepea kwa kipepeo cha ukili. Ulikauka umekunjamana kama uso wa mtu aliyeambiwa uongo.

Bibi alirudi amenenepa kidogo, ana harufu ya udi na habari za mjukuu. Nilikuwa nimetayarisha visingizio vitatu kuhusu ukurasa, nimevipanga kwa ubora: unyevu wa masika, panya, na kwamba pengine ulikuwa hivyo zamani. Watoto wakamsomea adabu thelathini na moja kwa sauti moja bila kukwama. Bibi alisikiliza kama mtu asikilizaye mchuuzi wa kitu ambacho tayari anacho nyumbani.

"Mashallah," alisema. "Ni nyingi."

Kisha akafungua msahafu.

Nilitazama watoto. Binti wa seremala alinitazama mimi, si kwa kushitaki, alinitazama tu, kama atazamaye mtu kuona atakwenda njia gani. Kisingizio cha kwanza kilikuwa tayari mdomoni. Nikakimeza. Nikaeleza yote: mbao, miguu, sikio, sinia, na siku kumi na moja.

Bibi akapitisha kidole juu ya ukurasa. "Marehemu alipika wino wake mwenyewe. Haukutiririka." Akafunga. "Karatasi imepona. Mtoto je? Umemtaka radhi?"

"Bado."

"Wangoja nini, Lamu iingie Mombasa?" Akakaa vizuri. "Sikiliza. Mimi sisomeshi na mtu ambaye watoto wana dukuduku naye. Simama hapo uwatake radhi wote, mmoja mmoja, mbele yangu. Akibaki mmoja ambaye hakukupa, kofia zakungoja."

Sijapata kuona watoto wakifurahi hivyo, hata siku ya Idi. Walijipanga bila kuambiwa.

"Ulisema sauti yangu ni kama ya kunguru," alianza wa kwanza.

"Mimi? Lini?"

"Jumatatu."

"Niwie radhi."

"Nimekuwia. Ngoja! Na Jumanne pia."

"Niwie radhi ya Jumanne."

Mwenye kiatu kimoja alitaka radhi ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto, mbalimbali. Wa chafya alisema amenisamehe lakini pua yake haijanisamehe, wenziwe wakaangua kicheko, na Bibi akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nilikuwa natoka jasho. Nilikuwa nimedhani nina kosa moja tu. Kumbe walikuwa wameyaweka mengi, kila mmoja lake, wala hawakuhitaji ubao.

Binti wa seremala alifikiri muda mrefu kuliko wenzake.

"Sikio limepona," alisema. "Sikuudhika kwa sikio."

"Uliudhika kwa nini?"

"Siku ile ile ulijua. Nilikuona umejua. Ukasema tuendelee tulipoachia."

Kicheko kilikuwa kimekwisha ukumbini. "Niwie radhi," nilisema, na sauti ilitoka vibaya, imekwaruza, na sikutaka kuirudia ili iwe nzuri.

"Nimekuwia. Ukijua tena, sema."

Akabaki mmoja, kitoto cha kike cha miaka minne kilicholetwa chuoni si kwa kusoma bali ili mamake apate kupika. Kilikuwa kimesimama mwisho wa safu kimeshika kashata ya nazi iliyolambwa tangu asubuhi.

"Niwie radhi, mwanangu."

"Ya nini?"

"Ya lolote nililokukosea."

Akafikiri. Akatazama wenzake, ambao kila mmoja alikuwa amepata zamu yake na kicheko chake. Mdomo ukaanza kutetemeka. "Mimi hukunikosea!" akasema, akaangua kilio kama mtu aliyedhulumiwa mali ya urithi.

"Huyo hajakupa," alisema Bibi.

"Bibi, sina kosa kwake!"

"Hayo ni yako na yeye."

Watoto wakaanza kunisaidia. "Mfinye, Mwalimu!" "Mvute sikio!" "Mwambie ana sauti ya kunguru!" Hapakuwa na adabu yoyote, kati ya zote thelathini na moja, iliyoeleza la kufanya. Wala hapakuwa na muda wa kuandika nyingine. Nilipiga magoti, nikainama, nikaing'ata ile kashata, nikaondoka na nusu nzima.

Kilio kikakatika. Mtoto akaitazama kashata, akanitazama mimi, na uso wake ukajaa utukufu.

"Umekula kashata yangu!"

"Nimeila," nilisema, nikitafuna. "Niwie radhi."

Akajifuta machozi kwa mkono. Akanyoosha mgongo. Akaningojesha, makusudi kabisa, kama alivyoona wakubwa wake wakifanya.

"Nimekuwia," alisema mwishowe. "Kesho ulete nzima."

Bibi akasogea kwenye mkeka wake, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaipiga piga kwa kiganja. Nilikwenda kukaa. Nilitaka kumshukuru kwa maneno yaliyopangwa vizuri, lakini mdomo ulikuwa umejaa nazi.